Haluwa Iliyotiwa Klorokwini

Kuna harufu ya kidonge kilichosagwa ambayo nikiinusa tu mate yananijaa kinywani, yale mate mepesi yanayotangulia kutapika. Juzi ilinikuta jikoni kwa binti yangu Ruwaida, hapa Kilburn, London, madirisha yote yamefungwa kwa baridi. Yeye na mwanawe Safia wanakwenda Pemba kuwaona jamaa, kisha Tanga, na famasi wamewapa vidonge vya kujikinga na malaria. Safia bado hawezi kumeza kidonge kizima, kwa hiyo mama yake akakiponda kati ya vijiko viwili. Vumbi lake likanifikia nilipokaa. Nikaiweka chai yangu chini.

"Baba, una nini tena?"

"Hamna kitu. Hiyo dawa chungu, hiyo."

"Usimtie maneno mtoto!"

Dawa za siku hizi si zile za zamani, najua, lakini uchungu ni wa ukoo mmoja. Mimi nilikulia Pemba enzi za klorokwini, na nyinyi wa rika langu mnaosoma haya nadhani mshakunja nyuso. Kidonge kile kilikuwa kikubwa, cheupe, hakina ganda lolote la kukustahi. Kikigusa ulimi tu kilianza kuvunjika, kikaacha chenga nyuma ya meno. Uchungu wake haukukaa mdomoni. Ulipanda puani, ukashuka kooni, ukakungoja. Ukicheua baadaye, upo pale pale. Maji yakawa machungu, uji mchungu, ukachukia hata mate yako mwenyewe. Halafu ukaja mwasho, chini ya nyayo na viganjani, ndani kabisa pasipofika kucha. Nilijisugua kwenye mkeka hadi bibi akalalamika kwamba nitaumaliza ukili.

Mwaka mmoja, meno yangu ya mbele yameng'oka, homa ilinilaza vibaya. Kila kidonge nilichopewa nilikirudisha. Nilimtapikia mama kanga yake mpya, nikamtapikia shangazi Mwanakombo mapajani, maji ya njano yenye vipande vyeupe ndani yake. Mama alivichungulia vile vipande, namna mtu anavyotazama chungu alichokivunja. Hospitali walikuwa wamemwambia kwamba dawa isipokaa tumboni, anirudishe nikachomwe sindano ya kwinini. Na jirani yetu palikuwa na mtoto aliyechomwa sindano ile, akatoka nayo mguu mmoja umelegea. Kila asubuhi alipita mlangoni kwetu akiuburura. Mama aliiogopa sindano ile kuliko homa yenyewe.

"Mtilie kwenye haluwa," shangazi alishauri. "Huyu kwa haluwa atameza na kikapu chake."

Hakukosea. Haluwa ndiyo iliyokuwa roho yangu. Ikiletwa kutoka Wete kwenye kikapu chake kidogo, nilikuwa nanusa samli na iliki tangu iko uani. Mama akamega kipande, akakilainisha kwa maji moto kwenye sahani ya bati, akakiponda kidonge, akavichanganya kwa vidole hadi unga ukapotea. Niliyaona yote hayo kutoka kitandani. Mtoto mwenye homa haachi kushuku.

"Kula weye kwanza," nikamwambia.

Akamega, akatia kinywani, akatafuna taratibu, akameza. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Akalamba na kidole.

"Tamu," akasema. "Usipokula, namaliza mwenyewe."

Nikabugia. Kwanza ulikuja utamu, samli, iliki, kila kitu nilichokipenda duniani. Kisha ule uchungu ukajitokeza chini yake, ukiwa umejipaka mafuta, umeng'ang'ania kwenye ufizi na mapengo yangu, haumezeki, hautemeki. Tumbo likanyanyuka. Mkono wa mama ulikuwa umeshaniziba mdomo, na mwingine unanisugua mgongo. Dawa ikakaa.

"Mwongo!" nikalia aliponiachia. "Mama mwongo!"

"Mwongo," shangazi akacheka, "lakini umemeza."

Nilipona, na miguu yangu yote miwili ninayo hadi leo. Shukrani niliyompa mama ni kukataa chakula cha mkono wake kwa siku nyingi, mpaka shangazi akionje. Haluwa sikuila tena. Hata sasa, siku ya Idi, sinia likipitishwa ukumbini nageuza uso, na watu hudhani nina sukari.

Kibaya zaidi, kisa hicho nilikifanya mzaha wa maisha. Siku ya harusi yangu, haluwa ilipoletwa, nilisimama mbele ya wageni nikamnyooshea mama kidole: "Huyu ndiye mwongo aliyeniharibia haluwa! Yeye alikula upande mzuri, mimi akanipa sumu." Watu walicheka mpaka wakajifuta machozi. Mama naye akacheka, akarekebisha buibui lake. Alifariki nikiwa huku London, nikaambiwa kwa simu.

Basi juzi Ruwaida akauchanganya ule unga na mtindi na jamu. Safia akautazama, akakunja mikono. Kiswahili anakisikia chote, ila hujibu kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza chake akaniambia babu aonje kwanza.

Nikachota kwa ncha ya kijiko, nimejiandaa kutabasamu. Jamani, sikuweza. Uso ulinikunjika wenyewe, macho yakatoa maji, nikakimbilia sinki nikatema hadi meno ya bandia nusura yaanguke. Safia alicheka akateleza kwenye kiti.

"Baba! Si nilikwambia?"

Lakini mtoto alikuwa amepata mtu wa kumshinda, babu yake. Akajibana pua, akanywa yote, akanionyesha ulimi mtupu, uso umemkunjika kama tambara lililokamuliwa.

Mimi nilibaki pale bombani nasukutua, na uchungu hautoki. Ndipo nikaiona tena ile sahani ya bati. Ilikuwa moja. Mama aliichanganya yote, mbele ya macho yangu, hadi unga ukapotea. Upande mzuri haukuwapo.

Nami mzee mzima sikuweza kustahimili ncha ya kijiko. Yeye alitafuna taratibu, akalamba kidole, akasema tamu. Na miaka ile yote baadaye, nilipomwita mwongo mbele za watu, alinitazama kwa uso ule ule.