Rubani wa Guildford

Mimi sikuanza kudanganya. Walianza wenzangu. Sisi Wakenya tukimwona mtu na koti jeupe hospitalini tunamwita daktari, hata kama kazi yake ni kusukuma vitanda. Anayebadilisha balbu ni injinia. Kwa hiyo siku ya kwanza nilipoingia kanisa letu hapa Sydney nikasema nimetumikia jeshi la anga, mzee wa kanisa alisimama akatangaza, "Leo tuna rubani!" Watu wakapiga makofi. Sasa ningefanyaje? Nimkatize mzee wa kanisa mbele ya madhabahu? Nikapunga mkono, nikaketi.

Binti yangu alikuwa na miaka minne, amekaa magotini pangu. Alisikia kila kitu.

Ukweli ni kwamba miaka yangu yote jeshini nilikunja parachuti. Meza ndefu, kitambaa kirefu, kamba zisizoisha, na afande anapumua kisogoni. Sijawahi kurusha hata tiara. Lakini jina lilinikaa vizuri, na nyumbani nikalitia chumvi: dhoruba, mawingu, kutua bila taa. Mtoto alikuwa akisinzia kwa raha. Mke wangu, ambaye ni nesi na hana subira na upuuzi, alinitazama tu akasema, "Endelea. Siku yako inakuja."

Ilikuja wakati wa Covid, mwaka ule wa pili, tulipofungiwa mtaani kwetu Guildford na helikopta ya polisi inazunguka juu ya mapaa yetu kutwa. Binti alikuwa darasa la sita, anasomea kwenye meza ya jikoni. Mwalimu wao akawaambia kila mmoja achague mtu na kuonyesha alivyoifikia kazi yake. Wangu akachagua rubani wa jeshi aliyekuja kuwa mwanaanga. Akachora ngazi kwenye karatasi kubwa: shule, jeshi, ndege za kivita, ndege za majaribio, usaili, mazoezi ndani ya bwawa na suti nzito, halafu roketi. Kwenye kipandio cha jeshi akabandika picha yangu, nimevaa overoli.

"Mwalimu amekualika Alhamisi," akaniambia kwa Kiingereza, maana mimi humsemesha Kiswahili naye hunijibu kwa lugha ya shule. "Uwaeleze jinsi rubani anavyojiandaa kwenda angani. Kuna wawili hawaamini. Wanasema mtu anayeogesha wazee kwenye makao yao kule Bankstown hawezi kuwa rubani. Nimewaapia."

Aki nikamwambia nitakuja.

"Mwambie leo," mke wangu akasema jioni ile.

"Nitamwambia."

Wapi! Badala yake nilikaa siku tatu nikisoma maisha ya wanaanga. Nilijua wanavyozungushwa kwenye mashine mpaka watapike. Nilijua wanavyokojoa bila uzito. Kazini nilimnyoa mzee mmoja huku nikimfundisha nguvu za uvutano, mpaka akaniomba nimwache anywe chai yake kwa amani.

Alhamisi nikavaa shati na tai, na chini suruali ya kulalia. Nyuso za watoto zikajaa kwenye kompyuta. Nilianza vizuri, kusema kweli. Nilipaa, nikapasua mawingu, nikaigeuza ndege kichwa chini. Binti yangu alikuwa pembeni yangu, mgongo wima, anatabasamu mpaka ufizi unaonekana. Ndipo msichana mmoja akanyoosha mkono.

"Ndege gani?"

Jamani, watoto! Siku tatu nasoma habari za mwezini, sikukumbuka kujichagulia ndege.

"Ile... kubwa," nikasema.

"Kubwa ipi?"

"Ya kijani."

Nyuma yangu mke wangu akaweka sufuria chini polepole sana. Nikamtazama binti yangu. Tabasamu lilikuwa bado lipo, ila macho yalishaanza kuniuliza. Aliapa kwa ajili yangu huyu. Nikiongeza uongo mwingine pale, siku atakapoujua hataniamini hata nikimwambia mvua inanyesha. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa jeshini.

"Sikuwa rubani," nikasema. "Nilikuwa nakunja parachuti."

Nyuso zote zikaganda. Nilidhani mtandao umekatika. Mwalimu akakohoa. Kisha yule msichana akauliza, "Na isipofunguka?"

Hapo sasa nilikuwa nyumbani. Nikawaeleza kwamba kikosini kwetu kila parachuti ilikuwa na kadi yenye sahihi ya aliyeikunja, na asubuhi yoyote afande angeweza kuingia, achague moja kati ya zako, aseme, "Ivae, twende juu." Unaruka na kazi ya mikono yako mwenyewe. Kwa hiyo nimepanda ndege mara nyingi sana, lakini nilizotua nazo ni chache. Wakacheka. Nikawaambia hata mwanaanga wa binti yangu, chombo chake kikirudi duniani, kinashuka kwa parachuti, na mahali fulani kuna aliyeikunja, anangoja ifunguke. Wakataka kujua kama kuna aliyewahi kujikojolea. Nikasema yupo, na wanamwona.

Binti yangu hakucheka. Alifunga kompyuta akaingia chumbani. Siku mbili nzima hakunisemesha. Hata chumvi mezani aliniomba kupitia kwa mama yake. Iliniuma, sitaki kudanganya.

Jumamosi nikakuta kazi yake mezani, imekamilika. Picha yangu ilikuwa imebanduliwa pale jeshini na kubandikwa juu kabisa, baada ya roketi, kwenye kipandio kipya cha mwanaanga anaporudi. Chini yake aliandika: "Baba yangu alinidanganya miaka saba. Hakuwa rubani. Lakini rubani harudi nyumbani bila mtu kama yeye. Bado nimemkasirikia."

Nikakimbilia bafuni, nikafungua bomba lisikike hadi sebuleni. Nilipotoka, macho mekundu, pua inachuruzika, mke wangu alikuwa mlangoni.

"Una nini?"

"Mafua tu."

Mwaka ule! Mtu anayeogesha wazee, anamwambia nesi ana mafua! Dakika ishirini baadaye tulikuwa garini wote watatu, barakoa usoni, kwenye foleni ya kupimwa Covid, magari mbele, magari nyuma.

"Baba," binti akaniita kutoka kiti cha nyuma. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. "Kweli una mafua?"

Nilimwona kwenye kioo. Mke wangu naye akageuka. Nikafikiria kukohoa.

"Hapana," nikasema. "Nilisoma ulichoandika, nikalia."

Mke wangu akatamka neno ambalo mama wa kanisa hapaswi kulijua. Lakini kutoka kwenye foleni hakukuwezekana tena, tulishafika kwenye hema la kupimia. Nikashusha kioo, nikavuta barakoa, na muuguzi akanisukumia kijiti cha pamba puani mpaka nikahisi amegusa ubongo. Machozi yakanibubujika upya.

"Haya ni ya kijiti," nikamwambia binti yangu.

"Nakuamini," akasema, akashusha kioo chake, maana zamu ilikuwa yake.