Sakafu iliyofaulu kila kipimo, fundi wake akafukuzwa

Wakuu, salamu kwenu.

Nianze na jambo lenyewe: sakafu ya zege niliyoipima kwa mkono wangu ilifaulu kila mahali, na fundi aliyeimwaga akafukuzwa kwa ajili yake. Nilichoona nitakisema. Nisichokijua nitasema sikijui.

Ilikuwa Mushaki, huko milimani, katikati ya miaka ya hamsini. Nilikuwa karani wa ujenzi kwenye shamba la ng'ombe la mzungu mmoja.

Tulijenga nyumba ya maziwa ubavuni mwa kilima, juu ya udongo wa kujaza: kidogo upande wa juu, mwingi upande wa bondeni. (Wajenzi mlioko humu, najua mmeanza kutikisa vichwa.)

Fundi mkuu alikuwa Papa Bauma, mtu wa Nyabiondo. Kazi ndiyo iliyompa nyumba ya kambini, na mkewe alikuwa karibu kujifungua.

Karatasi ya injinia ilikuwa na sharti moja juu ya sakafu: ukilaza rula ya mita mbili popote, uwazi chini yake usizidi milimita tatu.

Tukailaza mahali sitini. Hakuna palipozidi. Nikaandika zote.

Papa Bauma akaleta mpira wake wa maji, ule wa kulinganisha pembe na pembe.

"Kaka karani, tupime na maji pia."

"Karatasi haiombi."

"Karatasi haiombe, lakini maji ya kuosha itaomba."

Kibarua mmoja akadakia: "Papa, acha! Sisi batu ya milima tunalalaka kichwa juu, miguu chini. Nani atajua sakafu imeinama?"

Tukacheka. Wingu lilikuwa limeshafunga, nikafunga daftari.

Nisimame kidogo hapa. Tambarare ni kitu kimoja, usawa ni kingine. Inua meza upande mmoja: uso wake bado ni tambarare, lakini kikombe kitateleza. Rula huona mabonde na vinundu. Mwinamo haiuoni.

Mvua zikapita, kuta zikapigwa lipu. Siku ya kwanza ya kuosha, maji yote yakakimbilia ukuta wa bondeni, mbali na mfereji wa kuyatoa nje. Pembe ya sakafu upande ule ilikuwa chini kwa vidole vinne.

Injinia akamwambia Papa Bauma, "Ulimwaga upande."

"Hapana, Patron. Niliacha sawa. Udongo ndiyo ilishuka."

Injinia akanigeukia. "Daftari inasema nini?"

Tarakimu sitini, zote za uwazi chini ya rula. Ya usawa, hata moja.

"Haisemi, Patron."

Ningeweza kuongeza kwamba Papa Bauma ndiye aliyetaka kupima na mimi ndiye niliyekataa. Sikuongeza. Naye hakunitaja. Injinia akamfukuza kazi, naye akaenda kukusanya vyombo vyake.

Nilichojifunza: anayeandika masharti ya sakafu aandike vyote viwili, tambarare na usawa, na aandike lini vipimwe. Mapema, kabla udongo haujapata nafasi ya kushuka. Na karani asijifiche nyuma ya karatasi.

Nyinyi wa site, nisaidieni. Lipu ile ilifunika alama yoyote ukutani ya kimo cha sakafu ilipomwagwa. Je, zege lenyewe huonyesha kama lilimwagwa limeinama, au lilishuka baadaye?

Mpaka leo sijui kama Papa Bauma alikosea.