Mwonja Pombe wa Nshamba na Bia ya Kahawia

Shangazi yangu Kokuberwa ana miaka sitini na mmoja. Analima migomba na kahawa pale Nshamba, na familia nyingi zinazoozesha mabinti, kuanzia kwetu hadi Muleba mjini, zinamfahamu. Siku ya kupokea wakwe, kabla mtu yeyote hajamiminiwa rubisi, yaani pombe yetu ya ndizi na mtama, yeye huonja kwanza. Akisema ipokelewe, shughuli inaendelea. Akisema irudi, upande wa bwana harusi hufunga madumu yao na kwenda kupika upya, na siku nyingine hupangwa. Katika miaka ishirini na miwili amerudisha pombe mara tatu tu, na hakuna hata bwana harusi mmoja kati ya hao watatu aliyewahi kusema kwamba alionewa.

Mimi nimesoma sayansi ya chakula kwa miaka mitatu na nimefundishwa kupima pombe kwa vifaa vya kioo. Nasema bila aibu kwamba pua ya shangazi hutambua mapema zaidi.

Kazi hiyo aliipata kwa njia isiyo ya kawaida. Katika ukoo wetu, kuonja pombe ya wakwe kulikuwa kwa wanaume, na mwonja alikuwa babu. Mwaka mmoja babu aliugua mafua makali. Alipona, lakini hakuweza tena kunusa hata kitunguu kinachoungua. Hakumwambia mtu isipokuwa binti yake. Kwa kuwa anayempelekea mzee kibuyu hunywa funda la kwanza mbele ya watu, kuonyesha kwamba hakina sumu, Kokuberwa alipiga magoti, akanywa, kisha akampa baba yake. Ishara yao ya siri ilikuwa shingo ya kibuyu: ikimwelekea mzee, pombe ni nzuri. Ikielekea mlangoni, ina kasoro. Walifanya hivyo miaka tisa. Babu alipojua kwamba siku zake zimekaribia kwisha, aliwaita wazee akawaeleza ukweli. Baadhi walikasirika. Mmoja alicheka mpaka akakohoa.

"Kumbe muda wote huo tulikuwa tunasifu pua ya mtoto wa kike!"

Tangu hapo wakawa wanamwita yeye mwenyewe.

Mwaka jana Elieth, mtoto wa ubatizo wa shangazi, alichumbiwa na Gozbert, kijana wa Nyanga, Bukoba. Gozbert ana kiwanda kidogo cha bia nyuma ya nyumba ya wazazi wake. Hutengeneza bia ya kahawia ya mtindo wa Kiingereza, kwa kimea cha shayiri ambacho sehemu yake hukikaanga mwenyewe kwenye sufuria pana. Alimtuma mshenga wake, Abel, na ombi moja. Desturi inamtaka mwanaume alete pombe ya mikono yake. Kupika rubisi hajui, hii anaijua. Je, wataipokea?

Projestus, baba yake Elieth, alikuna kichwa. Mdogo wake, Ildefons, hakuhitaji kufikiri.

"Hiyo ya Kizungu ikituharibu matumbo tumshtaki nani, balozi wa Uingereza?"

"Lakini Ta Ildefons, mbona bia za baa unakunywa?" Abel alimwuliza.

"Bia ya baa hainiombi binti!"

Baada ya mabishano walikubaliana hivi: Kokuberwa akiipitisha, itapokelewa. Akiirudisha, ndoa itasubiri hadi baada ya Pasaka, maana Kwaresima ilikuwa inabisha hodi. Jioni ile ile Elieth alikuja kwa shangazi.

"Mama, unajua nimesubiri tangu mwaka juzi."

"Najua."

"Basi utaipitisha."

"Nitaionja," shangazi alisema, akaendelea kuchambua maharage.

Ukweli ni kwamba bia ya namna hiyo hakuwahi kuinywa. Mtu mwingine angenyamaza na kungoja siku ya shughuli. Yeye alivaa kitenge chake cha kanisani, tukapanda basi hadi Bukoba, tukaenda Nyanga. Alitafuna punje za kimea kibichi, kisha za kilichokaangwa. Alichungulia ndani ya sufuria na kuuliza moto unakuwa mkubwa kiasi gani. Gozbert alipommiminia, aliinua glasi kwenye mwanga, bia ikaonyesha wekundu kama chai ya rangi iliyokolea. Alinusa kwa muda mrefu. Alikunywa mafunda matatu, akaiacha glasi ipoteze ubaridi, akanywa tena.

"Mkate uliobabuka," aliniambia niandike. "Karanga. Kwa mbali, senene wa kukaangwa, wale wenye mafuta. Utamu unakuja kwanza, uchungu unafuata, na unaondoka bila kubishana."

"Nimepita, mama?" Gozbert aliuliza.

"Leo nilikuja kujifunza, mwanangu. Hukumu haitolewi jikoni."

Siku ya wakwe, mwezi mmoja baadaye, Abel na wenzake, Gozbert akiwa nyuma yao, walishusha kreti za bia na deli lililojaa barafu. Ildefons alitangulia kuchungulia, akasema angalau Wazungu hawa wanajua jua la Muleba likoje. Shangazi alikabidhiwa chupa inayotoka jasho. Aliimimina kwenye glasi, akainusa, kisha akaiweka chini kwenye mkeka bila kuionja.

Watu walitazamana. Dakika tano zikapita, halafu kumi.

"Ma Kokuberwa, umelala?" Ildefons aliuliza.

"Barafu inaficha. Mwenye kiu anywe maji."

Projestus alitazama saa yake. Kwenye mlango wa ndani niliona kitambaa cha kichwa cha Elieth kikisogea na kurudi. Baada ya nusu saa hivi, shangazi aliishika glasi kwa viganja vyote viwili, akanusa tena, akanywa funda moja. Uso wake haukubadilika. Akanywa la pili, na la tatu.

"Hii si ile niliyoonja Nyanga."

Abel aliruka juu. "Ni ile ile, mama yetu! Mpishi mmoja, sufuria moja, maji yale yale!"

Kwa desturi bwana harusi hasemi neno siku hiyo. Gozbert alisimama.

"Si ile. Ile iliisha. Hii niliipika kwa haraka ili iwahi leo, na kimea kiliungua kidogo. Nilidhani haitaonekana."

Abel alikaa chini. Shangazi aliwageukia wazee.

"Imebabuka kupita kiasi. Mwishoni inakwaruza ulimi kama ukoko wa chungu. Hilo ni kosa, na nimelisema mbele yenu. Lakini haijachacha. Haina uvundo. Imeiva, ni safi, karanga zake zipo na mkate wake upo. Rubisi yenye kosa dogo kama hili nimewapokelea mara nyingi, nanyi mkainywa mkaimaliza. Siwezi kuidai hii zaidi kwa sababu ni ngeni, wala kuihurumia kwa sababu binti ni wangu. Ipokelewe."

Vigelegele vilianzia ndani. Ildefons alingoja vipungue.

"Na je, kama kijana angekubaliana na uongo wa mshenga wake?"

"Kuhusu bia ningesema hayo hayo. Kuhusu kijana, ningemwachia Elieth."

Hata Abel alicheka, akajifuta jasho.

Walifunga ndoa kabla ya Kwaresima. Majuma mawili baadaye Gozbert alifika Nshamba akiwa na nusu gunia la kimea, akamwomba shangazi amwonyeshe namna ya kukikaanga. Shangazi aliwasha moto mdogo wa kuni za mkahawa, ule ule anaokaangia mtama, akatandaza kimea kwenye kaango pana la chuma. Nilitoa kipimajoto changu.

"Hicho weka chini kwanza. Njoo unuse."

Nikanusa. Kilinukia mkate, halafu karanga, na kabla sijapata jina la harufu iliyofuata alikwisha kuliondoa kaango motoni. Alitandaza kimea kingine, akampa Gozbert mwiko, akavuta kigoda chake hadi upande wa pili wa jiko, mbali na moshi, akafumba macho.

"Haya, kaanga wewe," alisema. "Bado… Bado… Usiache kugeuza. Bado… Toa!"