Ua Lililozamishwa na Thawabu

Mwaka huu biolojia ilinishinda kabisa. Mwalimu alisahihisha mtihani wangu mpaka kalamu nyekundu ikaisha wino, kisha akaniita mezani. "Nakupa nafasi moja. Tafuta ua la porini, ulipande kwenu. Likichanua kiangazi hiki, nakupandisha darasa. Lisipochanua, unadubule: unarudia darasa lilelile." Akaongeza kwamba atakuja kuliona mwenyewe, maana mwaka jana mjanja mmoja alimletea ua la plastiki.

Kudubule kwangu si jambo dogo. Mdogo wangu wa kike yuko nyuma yangu kwa darasa moja tu, na alikwisha kuanza kuniuliza mimi kaka yake: "Yaya, utapenda benchi ya mbele ao ya nyuma?"

Nikashika njia ya Nyangwe mpaka kwenye kilima cha mawe ambacho wawindaji walikuwa wamekichoma moto. Katikati ya majivu kulikuwa na maua mafupi ya manjano, hayana hata jani, yamechanua juu ya udongo mkavu kama tofali. Nikachimba mizizi miwili, minene kama mihogo midogo. Bibi, anayejua majani yote ya Kasongo na siri zote za watu wake, akaniambia: "Hilo ua halitaki kitu, hata maji. Weka kwenye mawe, halafu usahau. Kusahau utaweza, mume wangu?"

Kusahau ndicho kipaji changu. Shida ilikuwa mahali. Uani kwetu mbuzi wanakula hata kanzu iliyoanikwa. Wasipofika ni pale tu penye mawe, tunapotawadhia, maana pale wanafukuzwa. Nikapanda mzizi wa kwanza hapo, nikaenda kucheza mpira.

Sikukumbuka kwamba nyumba yetu ina watu kumi na mmoja, na wote wanaogopa moto wa jehanamu. Babu akimaliza kuosha miguu, maji yaliyobaki ndani ya birika anayamiminia ua. "Kunywesha kitu chenye kiu ni thawabu." Baba mdogo akiona, naye anamimina. Mama naye, shangazi naye, hadi jirani aliyekuja kuomba chumvi. Mara tano kwa siku! Mdogo wangu alimimina hata nje ya saa za sala, na najua hakuwa anatafuta thawabu. Baada ya wiki mbili nikavuta mzizi. Ukatoka laini kama bugali uliolala, unanuka.

"Masikini," Babu akasema. "Kiu imeliua."

Nikapanda wa pili palepale. Nikaeleza, nikakataza, nikaweka miiba. Wapi! Bado walimimina, ila sasa kwa kujificha. Kichwa kidogo cha manjano kilipotokeza, na mwalimu anakuja keshokutwa, shetani wangu akaamka. Nikasimama mbele ya Babu na uso wa msiba.

"Babu, pale kwenye ua, imbwa wa jirani amekojoa."

Nilijua hiyo ni najisi. Nani angesogea tena?

Babu akaruka kutoka kwenye mkeka. "Leta maji! Ndoo saba! Patasafishwa mara saba, moja na udongo. Na wewe mutoto ndiye utamimina!"

Kumbe hata madrasa nilikuwa nalala. Nikainua ndoo ya kwanza, nikaangalia kile kichwa cha manjano, nikairudisha chini.

"Babu, hakuna imbwa."

"Imbwa gani hakuna?"

"Ule wa kukojoa."

"Kumbe ni wewe ulikojoa?"

"Hapana, Babu! Hakuna mutu amekojoa!"

Nikamweleza yote bila kupumua: maji, mwalimu, kudubule. Akarudi kukaa kwenye mkeka.

"Ukaona uongo ni mwepesi kuliko kuniomba?"

"Nilikuomba mara nne."

Kutoka jikoni Bibi akasema: "Alikuomba. Nilisikia."

Babu akajikuna ndevu. "Basi. Tutatawadha kule mlangoni kwa jiko. Na mpaka shule ifunguliwe, kila anayesali, wewe ndiye utamshikia birika. Alfajiri pia."

Keshokutwa ilipofika, mwalimu akakuta ua limefunguka lote. Akalishika, akalinusa, akalivuta kidogo kuhakikisha.

"Ulilitunza namna gani?"

"Nililinyima maji, Mwalimu."

"Kwa mbinu gani?"

Pembeni Babu akakohoa.

"Ya kidini, Mwalimu."

Akaandika kwamba nimefaulu. Sikupata hata nafasi ya kuruka kwa furaha: watu wanne walikuwa wamekunja mikono ya kanzu mlangoni kwa jiko, wananiita.