Printa Chumbani mwa Mzee Safari

Yasini wa Nguvumali hakuwa mtu wa kupendwa, wala hakujisumbua kupendwa. Ujana wake aliumalizia kwenye baraza moja ya Ngamiani akitengeneza mashine za taipu, zile za chuma ambazo ukigonga herufi unaiona papo hapo, na ikikosekana unajua kidole gani kimekosa. Mashine zile zilipokufa alijisomea kompyuta mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima na kwa ubishi, kama mtu anayejifunza lugha ya adui. Sasa alikuwa fundi wa ofisi ya wakala wa mizigo kule Raskazone, mjini Tanga, na kila asubuhi aliingia pale amekunja uso.

Adui mwenyewe alikuwa seva. Wakubwa wa kampuni walikusanya kazi zote katika kompyuta moja kubwa iliyokaa Dar es Salaam, na matawi yote yakawa yanaingia humo kwa mbali. Karani wa Tanga aliandika hati ya mzigo akiwa Raskazone, lakini hati yenyewe ilikuwa Dar. Akitaka kuichapa, ilibidi isafiri kutoka Dar hadi kwenye printa ya Tanga. Siku nyingine ilifika. Siku nyingine haikufika, na madereva wa malori wakabaki getini wakitukana.

Matusi hayo yalimwangukia Asmahani, karani wa hati, na Yasini naye akawa anamwita mzembe mbele za watu. Ijumaa ndiyo ilikuwa mbaya kupita siku zote. Wiki hiyo meneja wa Dar alimpigia simu akamwambia waziwazi: hati za Ijumaa zikikwama tena, asirudi Jumatatu.

"Shikamoo, fundi," Asmahani alimwambia Yasini, bila kumtazama.

"Marahaba. Umeshabonyeza bonyeza tena?"

"Nimebonyeza mara moja tu."

"Hata bomu hubonyezwa mara moja."

"Basi tengeneza wewe. Si ndiyo kazi unayolipwa, au unalipwa kununa?"

Yasini alimpigia simu Alexander, kijana aliyekuwa akiitunza seva huko Dar.

"Zima printa uwashe, mzee wangu," Alexander akasema.

"Nimezima na kuwasha mpaka swichi imelegea kama ulimi wako."

Kijana akacheka. "Lakini niulize. Mbona makaratasi yenu ya Tanga yanatoka kwenye printa yetu huku? Mama wa vitumbua hapo nje anayafungia vitumbua vyake."

Yasini alikata simu bila kuaga. Kumbe hati hazikupotea. Zilikwenda kwa wengine. Akaapa kwamba Asmahani ndiye anayezituma huko kwa uzembe, na kesho yake, Alhamisi, aliwahi ofisini ili amfumanie.

Alimkuta ameshafika. Amefagia, amefungua madirisha, ameingia kwenye seva, na anaandika. Hakuna kosa aliloliona. Kilichobaki ni kuchapa, na printa ilikuwa nyuma ya mlango uliofungwa, chumbani mwa Mzee Safari.

Mzee Safari ndiye aliyekuwa mkubwa wa tawi. Tangu zama za karatasi za kaboni, hati haikutoka pale kabla hajaisoma na kuipiga mhuri, ndiyo maana printa iliwekwa chumbani mwake. Ufunguo alikaa nao mwenyewe, wala hakuna aliyethubutu kumtangulia kuingia. Alipofika asubuhi hiyo, wote walipanga mstari mlangoni wakampa shikamoo, kisha akaiwasha printa kwa mkono wake. Asmahani akachapa. Haikutoka kitu.

Yasini alisimama akiitazama printa ile. Halafu akamwambia Asmahani atoke kabisa kwenye seva, aingie upya. Akachapa. Karatasi ikatoka. Seva ilizitambua tu printa zilizokuwa macho wakati mtu anaingia. Aliyeingia printa yake ikiwa imezimwa, hati zake zilipelekwa Dar. Bidii ya Asmahani ya kuwahi ndiyo iliyomponza. Na Ijumaa Mzee Safari hupitia makaburini kumsomea marehemu mkewe, hafiki mpaka jua limepanda na malori yamejaa getini.

Moyo wa Yasini ulikuwa upande wa mzee, mtu wa zama za taipu kama yeye. Lakini kesho ilikuwa Ijumaa. Akaingia chumbani, akafunga mlango.

"Mzee, ubovu uko kwenye ufunguo wako."

"Mimi ndiye mbovu?"

"Nimesema ufunguo. Printa inaamka baada ya karani kuingia kwenye seva."

"Mkubwa jalala. Haya, tupeni." Mzee Safari aliusogeza mhuri wake mezani. "Karatasi ya ofisi hii haijapata kutoka bila mimi kuiona."

"Zinatoka, Mzee. Zinatoka Dar, na zinafungiwa vitumbua."

Mzee aliusukuma mhuri hadi upande wa Yasini. Kisha akasema, "Itoeni hiyo printa."

Wakaihamishia ukumbini. Ijumaa Asmahani aliiwasha kwanza, ndipo akaingia kwenye seva, na hati zikatoka moja baada ya nyingine, akazipiga mhuri mwenyewe. Malori yakaondoka. Mzee Safari alipofika kutoka makaburini, getini hapakuwa na lori, na mezani kwake hapakuwa na kitu cha kusoma. Akauliza kama kuna anayemhitaji. Wakamwambia apumzike. Akarudi nyumbani, na kuanzia hapo akawa haji ila siku mojamoja.

Jioni ile Yasini alisimama mbele ya meza ya Asmahani. "Kazi yako imepona."

"Haikuwa inaumwa," Asmahani akajibu. "Wiki zote hizi umeniita mzembe mbele za watu. Mbele yao hao hao hujasema kwamba ulikosea."

"Sijazoea kusema hivyo."

"Basi na mimi sijazoea kushukuru."

Yasini alikusanya bisibisi zake. Njia ya kutokea mbele ilipita kwenye mlango wa Mzee Safari, na hakutaka kuuona. Akatokea nyuma, kwenye matangi ya maji, akaenda zake bila kuaga mtu.