Nilivyokufa kwa Kalamu Yangu Mwenyewe

Aibu hii nimeifunika miaka mingi, lakini kwa kuwa mama mkwe sasa anaisimulia mwenyewe matangani na watu wanacheka, afadhali mnisikie mimi, maana yeye huongeza chumvi (ile taulo, kwa mfano, haikuwa na matundu mengi hivyo).

Kosa langu lilikuwa neno "bure". Mimi ni mchuuzi wa ndizi pale Ogembo na cha bure sikiachi njiani, kwa hiyo nilipoona gazetini tangazo la katalogi za bure, nilikata kikaratasi chake, nikajaza jina, nikaposti. Barua zikaanza: katalogi ya viatu, masomo ya gitaa kwa posta, dawa ya upara, dawa ya nguvu za kiume. Na sanduku la posta lilikuwa la kanisa, kila Sabato baada ya ibada mzee wa kanisa husoma bahasha moja moja kwa sauti, jina na maandishi yote ya juu. Siku moja nilipata saba. Nilizihesabu mara mbili, nikitumaini mbili ni za mtu mwingine.

Niliwaandikia wenye matangazo hayo waache, wakaniongezea. Ndipo nikachukua tatu za mwisho, nikaandika juu kwa wino mwekundu, "Mwenye jina hili amefariki, rudisheni," nikazitumbukiza posta, nikaenda zangu nikijiona mjanja.

Sikujua kwamba karani wa posta ni wa ukoo wa mke wangu, Kerubo.

Jumanne naoga nyuma ya nyumba, nikasikia kilio kikiteremka mlima, sauti za wanawake wa Nyamira, kwao Kerubo, na Kerubo alikuwa ameenda huko Jumapili na mimba ya miezi minane. Wakwe hawakuletei kilio kwa mchezo. Nilikimbilia barabarani na taulo kiunoni, sabuni masikioni, nikawahesabu: kumi na mmoja. Nikarudia: kumi na mmoja, Kerubo hayumo. Nikapiga yowe, "Kerubo wangu! Mmemwacha wapi?"

Kilio kikakatika. Mama mkwe, ambaye kwa mila zetu hapaswi kuona hata mabega yangu, akanitazama, na taulo ikachagua wakati huohuo kuanguka. "Yaya! Yaya!" yaani hapana, hapana, kwa Kikisii. Akafunika uso kwa leso, akarudi kinyumenyume mpaka mtaroni. Wengine walitimua mbio, maana maiti amewatokea, tena ana povu.

Kwenye kona, polepole, ameshikwa mikono na dada zake, akatokea Kerubo. "Baba Nyaboke? Karani ametuambia umekufa! Ameona maandishi!"

Nilimshika tumbo kwanza. Mtoto akapiga teke. Ndipo nikalia, mimi marehemu.

"Nani aliandika?" akauliza. Wino ulikuwa bado kidoleni.

Wazee wakasema aliyeliliwa akiwa hai husafishwa kwa mbuzi. Nikajaribu kushusha iwe kuku. Mama mkwe, amenipa mgongo, akajibu, "Mkwe, nimekulilia toka Nyamira. Hayo yalikuwa machozi ya kuku?"

Nikatoa mbuzi. Hata hivyo sikupata usingizi mpaka Kerubo alipojifungua salama, maana kwetu kifo ukikiita kwa jina, unaogopa kwamba hakitarudi mikono mitupu.

Sabato moja baadaye mzee wa kanisa akainua bahasha: "Kwa mjane wa marehemu…" Jina langu. Ndani mlikuwa na pole, na katalogi mpya ya nguo nyeusi. Kerubo, mtoto kifuani, akaipokea, akaikunja, akaiweka ya kuwashia moto.

Siku hizi bahasha zao zinawasha moto jikoni, zije hata mia. Kalamu nyekundu sishiki tena.