Chakula cha Mbwa wa Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alikufa amekonda, na mbwa wake wakati huo huo alikuwa amenona hata kugeuka ni shida. Mwili ulipoletwa nyumbani kwetu Raskazone, mjini Tanga, kabla ya kupelekwa Muheza kuzikwa, waombolezaji waliwaona wote wawili, mmoja ndani ya jeneza, mwingine amelala uwani anahema, wakajumlisha wenyewe. Mpaka leo wapo wanaosema mkaza mwana wa Raskazone alimnyima mzee chakula akampa mbwa. Nimechoka kulijibu jambo hilo mtu mmoja mmoja, ndiyo maana nimekaa kuliandika.

Kwanza, mbwa hakuwa wangu. Mimi nimekulia nyumba ambayo mbwa anakula makombo, analala nje, na akifa hakuna anayeuliza alikuwa na umri gani. Huyu alitoka kwa jirani mgeni aliyekuwa anahama, akagawa watoto wa mbwa wake, wale wa kizungu wenye mbegu kubwa. Mmoja akampa baba mkwe. Mzee ndiyo kwanza alikuwa amehamia kwetu baada ya kufiwa na mkewe. Shamba la michungwa Muheza alimwachia binti yake, ambaye ndiye wifi yangu, akaja na begi moja na kigoda chake. Mume wangu akasema mbwa atamchangamsha baba. Nikasema sawa, na nani atamlisha? Hakuna aliyenijibu, na mwanamke aliyeolewa anajua maana ya kutojibiwa.

Lakini mwanzoni mzee alimlisha mwenyewe, tena kwa mapenzi. Alikuwa amefuga kuku maisha yake yote. Alipoona yule mtoto ana miguu minene na anaongezeka kila kukicha, akaamua kwamba mifupa mikubwa inataka chokaa nyingi. Basi akawa anamkorogea chakula cha kuku wa mayai, kile kinachotiwa chokaa ili ganda la yai liwe gumu, anaongezea dagaa wa kusaga na maziwa. "Kama kinakaza ganda la yai," aliniambia, "sembuse mfupa wa mbwa." Mie nikaona ana akili. Mtoto akafutuka, kila anayepita getini anamsifu, na mzee akifurahi kama anasifiwa yeye.

Kisha miguu ya mbele ikaanza kupinda. Akisimama anatetereka kama meza iliyolegea, akikaa analia. Tukamwita daktari wa mifugo, mtu mpole asiyependa maneno mengi. Alipoonyeshwa kile chakula akashika kichwa. Akatueleza kwamba mbwa wa mbegu kubwa akiwa mdogo anatakiwa akue polepole, apewe chakula cha kupima, kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku, na chokaa ikimzidi mifupa inaharibika badala ya kuimarika. Akanishika mkono akaupitisha ubavuni mwa yule mbwa. "Mbavu usizione kwa macho," alisema, "lakini ukipapasa zisikike chini ya vidole. Zikijificha, amenenepa. Zikijitokeza, ana njaa au anaumwa. Mkono wako ndio mizani."

Mzee alisimama pembeni anasikiliza. Daktari alipoondoka, akaniletea ile sufuria ya mbwa kwa mikono miwili. "Mlishe wewe, mama," alisema. "Mie nitamuua." Tangu hapo hakumpa yule mbwa hata punje. Mbwa alilala miguuni pake kutwa, lakini akila, mzee aligeuza uso pembeni. Nilimhurumia. Hilo mlikumbuke, maana ndilo lililoniponza baadaye.

Basi nikawa mlishaji wa mbwa. Miguu ilinyooka kiasi, haikupona kabisa. Alipokomaa nikampa mara mbili kwa siku: samaki wa Kigombe aliyechemshwa na kutolewa miba, ugali wa dona kidogo, boga, mchicha. Kitunguu hapana, mfupa wa kupikwa hapana. Akimaliza kula anatulizwa asikimbie, kwa sababu mbwa wa kifua kirefu tumbo linaweza kujipinda likamuua palepale. Jirani yangu wa upande wa pili, mama wa Kiarabu ambaye mbwa kwake ni najisi na hata harufu yake anaikimbia, alikuwa ananichungulia juu ya ukuta na kucheka. "Mwenzangu, mbwa wako ana mpishi. Mume wangu anakula kiporo."

Mume wangu naye alinitania kwamba nimepata mtoto wa uzeeni. Nilinuna, lakini nilikuwa nimeshamzoea. Jioni nilimpapasa mbavu kabla ya kumpimia kikombe chake, na mkono ukazoea kazi hiyo hata nikawa naifanya huku nawaza mengine.

Sasa nieleze chakula cha mzee, maana huko ndiko kwenye kesi.

Kwetu mkaza mwana hamtazami baba mkwe akila. Sikulitunga mimi. Unamwamkia, unampa maji ya kunawa, unaweka chakula kibarazani, unakifunika kwa kawa, unaondoka. Ukitaka kurudi unakohoa kwanza, nawe uko mbali. Akimaliza anaita, "Mama, vyombo," unakuja umeinamisha macho unachukua. Hivyo ndivyo nilivyomfanyia tangu siku ya kwanza, na sahani zilirudi safi. Mimi kazi yangu ni kupika katika shule ya bweni. Nimelisha watoto wa watu miaka na miaka, na mgonjwa huwa namjua kwa sahani yake kabla mwalimu wa zamu hajamjua. Sahani ikirudi na chakula, hapo pana jambo. Sahani ya mzee ilirudi tupu, nami moyo ukatulia.

Mbwa akazeeka. Mbwa wakubwa huzeeka upesi, na huyu na ile miguu yake ndiyo kabisa. Daktari akasema sasa nimpunguzie chakula, kiwe laini, na kitu kimoja nikishike: asinenepe. Nyonga zilikuwa zimeanza kuchoka. Akiongeza uzito, miguu ya nyuma haitambeba tena, na mbwa wa ukubwa ule akishindwa kusimama kinachobaki ni sindano ya kumlaza asiamke. Mzee alisikia. Akamwekea mbwa mkono kichwani, akakaa naye hivyo mpaka magharibi.

Nikapunguza. Mbwa akanenepa. Nikapunguza tena, akazidi kunenepa, mbavu zikapotelea kwenye mafuta. Daktari akaja, akapapasa, akaniangalia. "Mama, unampa nini kingine?" Nikamwapia kwamba simpi kitu. Akasema basi kuna mtu anampa. Kwa kweli niliona aibu kama mtu aliyekamatwa na kuku wa wenyewe. Nikafunga geti. Nikazungukia ndoo ya taka na mfuniko nikaufunga kwa kamba. Mwisho nikaenda kwa jirani, nikamuuliza kama hatupi vichwa vya samaki juu ya ukuta. Akanitazama kuanzia juu mpaka chini. "Mie nimlishe mbwa? Wewe leo umeamkaje?" Hatukusemeshana mpaka mfungo wake ukaisha.

Mzee sikumuuliza. Ningemuulizaje mtu aliyeniletea sufuria kwa mikono miwili na kusema atamuua?

Tena alikuwa anapungua. Nililiona hilo, sisemi sikuliona. Lakini alivaa koti hata kwenye joto la Tanga, na wazee hupungua, na sahani ilikuwa tupu. Nikawa namwongezea. Nilimpikia bada, ule ugali wa muhogo, na mchuzi wa papa, nilimpikia wali wa nazi na samaki changu, napakua kilima. Vyote vilirudi vimefutwa mpaka sahani inang'aa. Nikajisemea mzee anapenda mkono wangu.

Jumapili moja tumetoka kanisani, nimemwandalia samaki, nikasahau ndimu. Mzee hakula samaki bila ndimu. Nilikuwa nimedeki, nimevua ndala, nikaichukua ile ndimu na kwenda kibarazani peku. Sikukohoa. Nilisahau tu, haraka za Jumapili.

Nikamwona anakata tonge, analitia mdomoni. Akatafuna muda mrefu. Akafumba macho, shingo ikamkaza, akajaribu kulimeza mara ya kwanza, akajaribu tena. Kisha akalitoa kwenye kiganja na kumpa mbwa. Hakujaribu tonge jingine. Aliishusha sahani nzima chini, mbwa akaifuta kwa ulimi, na mzee akaichukua, akaifuta tena kwa kitambaa, akairudisha chini ya kawa. Akajifuta midomo. Akaita kwa sauti yake ya kila siku, "Mama, vyombo."

Nami nilikuwa nimesimama nyuma yake na ndimu mkononi.

Aligeuka. Sote wawili tulitazama chini. Nikakaa sakafuni.

"Umeona," alisema.

"Nimeona, baba. Tangu lini?"

"Kabla ya mfungo wa majirani. Maji yanapita, na uji mwepesi. Vingine vinagota hapa." Akagusa chini ya koo.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningemwambia nani? Wewe ni mkwe wangu. Unahangaika jikoni, unaniletea chakula, mie nikirudishe? Ungesema baba amekataa chakula changu. Na watu wangesikia kwamba baba amekataa chakula chako." Akamtazama mbwa. "Huyu najua namuumiza. Sikuwa na pa kukiweka."

Nilimkasirikia. Naandika kama ilivyokuwa, sikulia, nilikasirika. Nilimwambia, "Baba, bora ungekirudisha. Bora ungekimwaga baharini," na sauti niliyoitumia haitumiki kwa baba mkwe. Hakunikemea. Aliniomba tu nisimwambie mume wangu. Mume wangu nilimwambia papo hapo.

Kesho yake tulimpeleka hospitali kwa bajaji. Mume wangu alimshika upande mmoja, upande wa pili hapakuwa na mtu ila mimi, nikamshika. Mkono ukaingia chini ya koti, na kabla sijajua nafanya nini, vidole vikaanza kupapasa mbavu kama vilivyozoea. Zilikuwa zimejitokeza zote. Palikuwa na ngozi na mifupa, basi. Nilikuwa nimeupitisha mkono huo kwa mbwa kila jioni, na mzee alikuwa amekaa palepale, hatua chache kutoka kwangu, ndani ya koti lake.

Daktari wa watu akasema ni uvimbe kwenye njia ya chakula, na tumechelewa. Wakampitishia mrija. Mzee aliuvumilia siku chache, kisha akafa asubuhi mume wangu akiwa ameenda kumtafutia maji ya madafu.

Msibani wifi yangu hakuzunguka. Baada ya kuaga mwili alinikuta jikoni, mbele ya wanawake wote waliokuwa wanamenya ndizi. "Baba yangu amekwisha hivi, na mbwa amenona vile. Wewe ulikuwa unamlisha nani humu?"

Mimi si mtu wa kumeza maneno. Nikasema yote. Nikasema baba alikuwa hamezi, chakula nilichompelekea alimpa mbwa, na nililiona kwa macho yangu mawili, tonge linaingia, tonge linatoka. Wanawake wakaacha kumenya. Wifi akaniangalia taratibu, akauliza, "Kwa hiyo ulikuwa unamtazama baba mkwe wako akila?"

Kama sikumtazama, nilimwacha afe na njaa. Kama nilimtazama, sina adabu. Mama mmoja mtu mzima akatikisa kichwa na kurudi kwenye ndizi zake, na wengine wakamfuata. Mume wangu alimweleza dada yake kwa upande wake, akaambiwa anamtetea mkewe. Huko Muheza habari iko hivyo hivyo hadi sasa, na nikienda napewa kiti, napewa chai, na hakuna anayenisemesha.

Mbwa nilitaka kumgawa, sikuweza. Nilimpimia kikombe chake asubuhi na jioni kama kawaida, samaki, boga, dona kiasi, na sikuongeza wala kupunguza kitu. Wiki zikapita. Akaanza kuinuka bila kusaidiwa. Akawa anatembea mpaka getini na kurudi, mpaka kibarazani, anasimama pale kwenye kigoda, anarudi. Jirani yangu, ambaye tumeshapatana, akasema juu ya ukuta kwamba mbwa amekuwa kijana.

Daktari wa mifugo alipokuja alifurahi. Alimpapasa ubavuni, akaniita nami nipapase. Mbavu zilikuwepo chini ya vidole, hazionekani, zinasikika, sawasawa kama alivyonifundisha mwanzo.

"Hapa umefanya kazi, mama," alisema. "Miguu hii inambeba tena. Umempunguzia nini?"

Nikamwambia, "Sahani ya baba mkwe."